Vidole vya Mpika Sabuni

Waya ulikwama katikati ya sabuni, Dorine akauvuta kwa nguvu mpaka ukapita. Mche ukaangukia gunia. Akauokota, akalainisha kingo zake kwa dole gumba, upande huu na upande ule, kama alivyofanya kila asubuhi tangu shule ya msingi, akaupanga juu ya mingine. Ua mzima ulinuka mawese ya moto. Mtaa wa Kimanga ulijua saa kwa harufu hiyo: Mama Josée akiwasha moto, majirani huamka, hulalamikia moshi, kisha huja kukopa sabuni.

"Acha waya," mama alisema kutoka kwenye pipa. "Leo haugusi kitu. Kuya nikusugue mikono."

"Nitajisugua, mama. Minye si mutoto."

"Utajisugua juu-juu. Mutoto wa mama wa sabuni aende mbele ya serikali na bidole bya manjano? Batasema tunauzisha sabuni na sisi benyewe hatunawe."

Hakuchukua sabuni kavu ya kuuza. Alichukua kipande cha ile iliyopikwa juzi, ambayo sude yake ilikuwa bado haijatulia. Sude ni ile soda kali nyeupe inayogeuza mawese kuwa sabuni, na ukizembea hugeuza ngozi kuwa kidonda. Sabuni changa ya namna hiyo Mama Josée aliiita yenye meno, na aliitunza kwa siku kubwa: komunyo ya kwanza, harusi, mazishi. Akashika mkono wa binti yake akausugua kidole kimoja kimoja mpaka povu likawa jeupe. Mikono ilichoma. Dorine akauma midomo, maana aliona jinsi mama alivyokuwa akifurahi.

Délice, mdogo wake, alikuwa kizingitini anafunga kamba za viatu vya shule. "Yaya," alimwita dada yake, "ukifika Moroko utaninunulia bile biatu bya mubao?"

"Ngoja nifike kwanza."

Délice hakuruhusiwa kugusa sude. Sheria hiyo aliitunga Dorine mwenyewe, tangu siku mdogo wake alipotia mkono kwenye beseni akaungua kiganja, wakammwagia maji ya ndimu huku akilia mpaka sauti ikakauka. Kuanzia hapo Délice huchota maji, husonga bugali, husoma. Majirani walisema analelewa kama mtoto wa gavana. Dorine aliwaacha waseme.

Yeye mwenyewe alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa kemia katika chuo ambacho chupa za maabara zilikuwa za kuonyeshwa wageni. Aliomba nafasi ya kwenda kusomea famasi Moroko, wakamkatalia. Akaomba tena mwaka uliofuata, wakamkubali, na masomo wangemlipia. Kilichobaki ni pasipoti. Chuo cha kule kilitaka ombi lake la pasipoti liwe limeingia kwenye mashine kabla ya wiki kuisha, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Zamani watu walikwenda kupigwa picha na vidole Bukavu, lakini vita viliifunga barabara ya Bukavu, na baada ya kelele nyingi ikaletwa mashine moja kwa boti mpaka bandari ya Kalundu. Leo alasiri ingepakiwa tena kwenda Kalemie. Dorine alikuwa ameshaifuata mara kadhaa. Mara mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha, mara shefu, mkuu wa ofisi, alikuwa na msiba, mara hapakuwa na sababu yoyote na hakuna aliyejisumbua kuitafuta.

"Leo ni leo," mama alisema, akimfuta mikono kwa kitenge chake kipya. "Enda, mwana wanje, mutoto wangu. Mungu atangulie."

Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma cha ghala la ndakala, na samaki hao wadogo wakavu walikuwa wamenukisha kila kitu, hata bendera. Wapagazi walipita na magunia yao, wakiwafokea watu wa foleni wawapishe. Mlangoni alikaa Shefu Révérien na chupa yake ya chai. Alikuwa na tumbo la mtu asiyepanga foleni.

"Inamahoro," alisoma kwenye kitambulisho cha Dorine. "Hii jina si ya kule ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira?"

"Ni ya hapa, shefu. Papa yangu alizaliwa Kiliba. Na papa yake pia."

"Murundi."

"Mukongomani wa Kiliba."

"Sijakatala. Niko nauliza tu."

Huwa wanauliza tu. Watu wa bonde la Ruzizi wamelima mpunga hapa tangu babu wa babu, wamezika wafu wao hapa, lakini wakifika mbele ya meza huulizwa tu, na anayeuliza hachoki. Dorine alijua hasira haipigi picha. Maharagi ya watoto wa shefu, kama rushwa inavyoitwa huku kwa adabu, alikuwa ameshayatoa juma lililopita, kwa hiyo akaonyeshwa benchi.

Mbele yake alikuwa Mzee Ndikumana, mkulima wa bondeni. Bomu lililosahauliwa shambani lilimnyang'anya mikono yote miwili, na sasa alikuwa anakwenda Kigoma kwa mwanawe. Mashine iliendeshwa na kijana aitwaye Firmin, mwenye shati safi na macho ya usingizi. Alimpiga mzee picha, akabonyeza mahali, basi.

"Kwisha, mzee."

"Kwisha? Hata hamunichafue?" Mzee akacheka, akawageukia watu. "Munaona? Serikali inanipenda. Inaniacha safi."

Watu wakacheka naye. Dorine akacheka pia, akakaa kwenye kiti chenye joto la mzee. Picha ikatoka vizuri. Firmin akamwambia aweke vidole vinne vya kulia juu ya kioo. Kioo kikawaka. Kwenye skrini kukatokea wekundu.

"Futa mikono."

Akafuta. Wekundu. Firmin akampa mafuta ya kujipaka, akajipaka, wekundu. Akamwambia apulizie pumzi, asugue viganja vipate joto, abonyeze kwa nguvu, abonyeze polepole. Mkono wa kushoto, uleule wekundu. Nyuma yake benchi likaanza kunung'unika.

"Bidole byako habiko," Firmin akasema.

Dorine akavitazama. Akavinyanyua vyote kumi mbele ya uso wa kijana. "Na hibi ni nini?"

"Minye nabiona. Mashini njo haibione." Akamshika kidole, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nyama ya kidole ilikuwa laini, inang'aa, haina mistari, na kwenye ncha ilikuwa nyekundu, imechubuka upya. "Unafanyaka kazi gani?"

"Niko mwanafunzi."

"Bidole habisome. Mikono inafanya kazi gani?"

"Sabuni. Tunapika sabuni."

"Na leo asubuhi umebisugua na nini?"

Dorine akavikunja vidole ndani ya viganja. Firmin akaelewa, akapumua kwa pua.

"Kile kidogo kilikuwa kimebakia, mumekimaliza. Sikiya, dada. Haiko weye peke. Bamama ba sabuni, bamama ba kufua, bamama ba kuponda mawe kule Mulongwe, mashini haibaone. Tunabaambia bapumuzishe mikono mwezi muzima, ngozi irudie."

"Mwezi? Mashini inaenda leo!"

"Ni vile tu tunabaambiaka."

Hapo ndipo hasira aliyoiacha mlangoni ilipomfuata ndani. Mashine imenunuliwa kwa jina la wananchi, na haiwezi kumwona mwananchi aliyewahi kufanya kazi. Dorine akainuka akaenda mpaka kwa Shefu Révérien.

"Shefu, mzee Ndikumana hana mikono na amepata. Minye niko nayo yote mbili, nikose?"

"Yule kuko mahali pake mu mashini. Banaandika: hana mikono."

"Na minye muandike: haionekane."

"Hiyo mahali haiko." Shefu akamimina chai. "Mashini inajua muntu mwenye mikono na muntu asiye nayo. Weye uko katikati. Leta karatasi ya munganga inasema hauna bidole."

"Lakini niko nabyo!"

"Basi munganga hatakuandikia. Unaona mwenyewe."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Dorine akatoka nje akasimama ukutani, kwenye kivuli cha magunia. Alitaka kulia, machozi yakakataa. Ziwa lilikuwa shwari kabisa na boti ya Kalemie ilikuwa imeshaanza kupakia.

Firmin akamfuata, akijifanya anatafuta mtandao wa simu. "Kuko namna," alisema bila kumwangalia. "Hauna ndugu? Muntu wa bidole bizuri?"

"Wa kufanya nini?"

"Sura yako iko ndani tayari. Bidole haijali ni bya nani. Aweke yeye, mashini iseme ndiyo, ombi liende. Beko batu benye banafanyaka hivi. Shefu anajua, utamwachia kitu. Na minye unajua, mukono mutupu haulambwe." Akatabasamu kidogo kwa aibu. "Niko nakusaidia, dada. Nimekusikia kule ndani. Moroko si kitu ya kupoteza hivi."

Na kweli alikuwa anasaidia. Hilo ndilo lililomuudhi Dorine baadaye kila alipolikumbuka, kwamba mtu pekee aliyemhurumia siku ile ndiye aliyemwonyesha mlango ule. Akapiga simu nyumbani. Mama hakuuliza maswali mawili. Mawese yalikuwa motoni, sude ilikuwa imeshatiwa, na sabuni haimngoji mtu. Alimwachia jirani mwiko, akampitia Délice shuleni, wakapanda pikipiki moja wote wawili.

Walifika mchana jua likiwa kali, mama na lapa za nyumbani, Délice na sketi yake ya buluu. Dorine akawaeleza pembeni. Mama alipofika kwenye sabuni ya asubuhi alijishika kifua.

"Njo minye nimebimaliza? Na mikono yangu?"

"Haiko leo, mama. Biliisha zamani."

"Yoo, mwana wanje. Nilikuwa nakusafisha."

Délice ndiye aliyekatisha. Akanyoosha mikono mbele yao. Ilikuwa mikono laini, yenye wino kidogo wa kalamu kwenye kidole cha kati. "Yaya, chukua byangu. Ni kuweka tu, si banabirudisha?"

Mama akacheka na kulia kwa pamoja. Dorine pia alicheka. Akamshika mdogo wake mkono wakaingia, mama nyuma yao.

Benchi lilikuwa limepungua. Shefu Révérien aliwaangalia wanavyopita, akaangalia chai yake. Firmin akafunga dirisha. Délice akakaa kwenye kiti, akaweka vidole vinne juu ya kioo, na mara hiyohiyo skrini ikawa kijani. Mkono wa pili, kijani. Kwenye skrini ilionekana sura ya Dorine na jina lake, na chini yake vidole kumi, vimejaa mistari ya kupendeza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Dorine alivuta pumzi mpaka mwisho. Akajiona ndani ya ndege. Akajiona amevaa koti jeupe.

"Acha mikono hapo, usitikise," Firmin alimwambia Délice. "Nibonyeze itume, tumalize."

"Na yeye?" Dorine akauliza.

"Yeye nani?"

"Huyu. Siku akitaka yake pasipoti."

Firmin akakuna shingo. "Ah. Siku hiyo mashini itasema huyu ni Inamahoro Dorine, na eko Moroko."

"Halafu?"

"Halafu watamushika ju ya kudanganya serikali. Ao hawatamushika, watamukatalia tu. Bidole ni bya mara moja, dada. Bikiingia habitoke." Akaangalia saa. "Lakini hiyo ni ya kesho. Kesho iko mbali."

"Yaya, minye sina shida," Délice akasema haraka. "Minye nitabakia na mama."

Alilisema kwa moyo mweupe kabisa, na ndilo lililomchoma Dorine. Alikuwa amempiga mtoto huyu vibao ili asiguse beseni. Alikuwa amepika sabuni usiku na mchana ili mikono hii ibaki hivi ilivyo. Sasa ameiitisha mwenyewe, kwa pikipiki, aiache humu ndani. Na bado alitaka. Tusimsingizie utakatifu: alitaka kwenda Moroko, na kidole cha Firmin kilikuwa juu ya kitufe, na yeye akinyamaza kidogo tu ingekuwa imekwisha.

"Toa," akasema.

"Yaya?"

"Toa bidole byako humo."

Délice akamwangalia mama. Dorine hakungoja. Akamshika viwiko akamwinua kwenye kiti, na skrini ikarudi kuwa nyeusi.

"Dorine!" Mama alipiga kelele hata wapagazi wakasimama. "Mashini inaenda! Ulikuwa na Moroko mu mukono!"

"Haikuwa mukono yangu, mama."

Mama Josée akakaa chini kwenye saruji palepale na kujifunika uso kwa kitenge. Firmin akaanza kukunja nyaya, taratibu, huku amewapa mgongo. Nje jenereta ikazimwa, na kwenye ukimya ule kila mtu akasikia honi ya boti.

Shefu Révérien akaingia na karatasi moja na kalamu. Alikuwa na haraka sasa, mtu ambaye kwa wiki nzima hakuwa nayo. "Bon. Weye ulikuwa mu programu ya leo. Weka sinyatire hapa niende na ripoti."

Dorine akaichukua karatasi, akaisoma. Mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa kwamba hakufika.

"Shefu, minye nimekuwa hapa tangu asubuhi."

"Najua."

"Basi kwa nini imeandikwa sikufika?"

"Ripoti iko na aina mbili. Aliyefanyiwa na asiyefika. Haujafanyiwa, basi haujafika. Usinichokoze, binti. Sinya."

Mezani palikuwa na kisanduku cha wino, kile cha watu wasiojua kuandika, ambao husaini kwa dole gumba. Dorine alikitazama kwa muda. Kisha akakifungua, akatia vidole vya kulia vyote, akatia vya kushoto vyote, akavikandamiza juu ya karatasi ya shefu, juu ya jina lake na juu ya neno lile, kwa uzito wake wote, kama anavyokandamiza sabuni kwenye kisanduku chake. Alipoinua mikono, pakabaki mabaka kumi meusi. Hayakuwa na mstari hata mmoja.

"Andika sasa sikufika," akasema.

"Weye ni wazimu? Umeichafua ripoti! Kuko na jina ya batu bengine hapa!"

"Andika ingine."

Lakini honi ililia mara ya pili, na mpagazi alikuwa ameshaibeba mashine begani. Shefu Révérien akaikunja karatasi wino ukiwa bado mbichi, akaitia kwenye mkoba wa ofisi. Hakuwa na nyingine. Firmin alipita karibu na Dorine akiwa na nyaya zake.

Boti ikaondoka na mashine, na mabaka kumi yakaondoka nayo kwenda kwa wakubwa, ambao bila shaka hawatayaangalia.

Walirudi Kimanga. Njiani mama alisema mara moja tu, "Nitakuchukia mupaka kesho," na Dorine akajibu, "Sawa, mama," na ilikuwa sawa kweli. Alikuwa na hasira nyingi kiasi kwamba hakujua ya nani ni ipi. Alijikasirikia hata yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amesema neno moja la haki na sasa alitamani kulimeza.

Nyumbani jirani alikuwa amekimbia na mwiko ameuacha ndani. Sabuni ilikuwa imeanza kushika kandokando ya pipa. Ikiachwa kidogo tu ingegeuka jiwe na mawese yote yapotee. Mlangoni alikaa Mama Florentine, mchuuzi wa mji wa Baraka, na magunia yake matupu.

"Mulikuwa wapi? Minye niko na boti asubuhi," alisema. Kisha akaona mikono ya Dorine. "Na huo wino?"

Mama Josée alikuwa bado anafunga kitenge kiunoni, anatafuta glavu zilizopasuka, wakati Délice, aliyetaka kufanya kitu chochote chema siku ile, alipokunja mikono ya shati la shule akainama juu ya pipa kuushika mwiko, vidole wazi.

Kofi lilimpata juu ya kiganja na kuacha alama nyeusi.

"Toa bidole byako humo," Dorine alisema. "Enda ukasome."

Délice akaingia ndani, akachukua daftari. Dorine akatia mikono yake kwenye pipa, akashika mwiko, akaanza kukoroga.

Wino ulitoka wote kabla sabuni haijamiminwa.